Mashine Iliyoganda Siku za Mvua

24 Machi

Idi imepita, mvua imeanza, na leo Madam Marselina amenikabidhi mashine mpya. Ni kabati refu kama la nguo. Ndani limejaa trei za mayai, nje lina kioo kidogo kinachoonyesha joto. Madam ni afisa mifugo mstaafu, na hapa Maili Moja watu humletea mayai ya kuku, mashine yake ikayalalia, wao wakarudi kuchukua vifaranga. Mashine ya zamani hufanya jambo moja kwa wakati: ikigeuza mayai haipimi joto, ikipima joto haigeuzi. Hii anataka ifanye yote sambamba, na programu yake niiandike mimi, kwa C, lugha ya kompyuta ambayo bado najifunza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa masika. Mayai yakitotoka, nabaki. Yakiharibika, narudi Gwata kwa baba, kulima mihogo na kuulizwa kila siku diploma yangu inasaidia nini.

Khalfani, anayehudumia mayai mchana mpaka jioni, alisimama mlangoni akasema, "Hongera dada Firdausi." Sikuipenda ile hongera. Ana binamu anaitwa Ashrafu, anatengeneza simu pale stendi na kompyuta anazijua. Mtu mwenye binamu kama huyo hakupi hongera bure.

28 Machi

Laurean, mpwa wake Madam, anafanya kazi Dar na Jumamosi huja kunifundisha. Leo ni nyuzi. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi kadhaa, kila uzi unakwenda na kazi yake bila kuungoja mwingine. Nitakuwa na uzi wa joto na uzi wa kugeuza.

"Tatizo linaanza pale nyuzi mbili zinapotaka kitu kimoja," alisema. Betri yetu, kwa mfano, haiwezi kuwasha hita na kuzungusha trei kwa pamoja. Kwa hiyo umeme nauwekea kufuli: uzi unaotaka umeme unachukua kufuli, ukimaliza unaachia, mwingine unasubiri. Kioo nacho kina kufuli lake, nyuzi zisije zikaandikiana juu.

Hili halikunipa shida. Nyumba niliyopanga ina bafu moja lenye kufuli na bomba moja lenye kufuli, na funguo zote mbili zinaning'inia kwenye msumari ukumbini. Mwenye ufunguo ndiye mwenye zamu.

30 Machi

Asubuhi nilichukua ufunguo wa bafu, nikakuta Tereza wa chumba cha mbele ana ufunguo wa bomba. Mimi ndoo yangu tupu, yeye kajaza yake na anataka kuoga. Nikamwambia anipe wa bomba kwanza. Akasema nimpe wa bafu kwanza. Tumesimama ukumbini tukitazamana mpaka mwenye nyumba akatoka kutufokea. Tereza huyuhuyu aliazima chaja yangu wiki iliyopita, na tangu hapo waya wake umelegea. Nimemwekea alama.

4 Aprili

Programu imefanya kazi usiku kucha, mashine ikiwa tupu, mlango umefungwa. Haikusita hata mara moja. Laurean alisema safi.

7 Aprili

Mayai yameingia. Ni ya bata, mara ya kwanza hapa, kutoka kijiji cha Kurui, ya mama yake Khalfani na wanawake wenzake. Khalfani ndiye aliyeyaleta mwenyewe, kila trei ameifunika kanga.

Nimebandika kibao kwenye mashine: MLANGO USIFUNGULIWE. Kila ukifunguliwa joto linatoroka. Khalfani alikisoma kile kibao kwa muda mrefu kuliko maneno yake.

"Hata haya ya bata?"

"Hata yangekuwa ya tausi, kaka."

Nilitegemea abishe, na alipokosa kubisha nikaanza kujiuliza.

9 Aprili

Jua. Hakuna jambo.

10 Aprili

Jua tena. Khalfani alirudi mapema kutoka msikitini, akaniuliza kama nimekula. Anataka nini?

14 Aprili

Nimefika asubuhi, kioo kinasema 37.6, sawasawa na inavyotakiwa. Nikafurahi. Kisha nikaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine na ubavu ulikuwa baridi. Nikafungua, nikashika yai. Baridi. Nikashika lingine, la trei ya chini, baridi vilevile. Na kioo kilikuwa kimeniangalia muda wote huo kikisema 37.6.

Nilichomoa waya, nikachomeka, mashine ikaamka na kuanza kupasha. Madam alikuja akayamulika mayai moja moja kwa tochi, gizani. Yaliyokufa aliyaweka kulia. Kulia kulijaa.

"Umeme ulikatika?" aliuliza.

"Ukikatika betri inashika. Na betri imejaa."

"Basi ni nini?"

Nilisema nitachunguza. Jana mchana ilinyesha mvua kubwa, na aliyekuwa zamu ni Khalfani. Nilipomuuliza alisema alipoondoka magharibi kioo kilikuwa 37.6. Alilisema haraka sana.

16 Aprili

Imeganda tena. Mvua ya jana, zamu ya Khalfani, kioo 37.6. Yale mayai machache yaliyokuwa yamebaki yamekwisha. Khalfani ndiye aliyeyazika nyuma ya banda, akijua kabisa ni ya mama yake. Nilimtazama akichimba, nikasema moyoni: huyu anajikata mwenyewe ili asishukiwe.

18 Aprili

Madam amekubali mayai mengine ya bata, ya Kurui tena. "Hii ni ya mwisho, Firdausi," alisema. "Wale akina mama mimi nitawaangalia na uso gani?"

Nimeisoma programu yangu mstari kwa mstari. Nimeiendesha tena, mlango umefungwa kama kibao kinavyoagiza, na haikukosea. Hata lile jambo la kugeuza nimelipanga vizuri: mashine hujipasha kwanza, ndipo inageuza, hivyo hita haina haja ya umeme trei zikiwa zinazunguka. Kila baada ya saa mbili, yaani saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili, inageuka yenyewe. Programu ni nzima. Kwa hiyo kuna mtu.

24 Aprili

Jana mvua, leo mashine baridi. Safari hii niliwahi alfajiri na mayai mengi bado yana uhai. Nimekaa nikaziweka siku zote pamoja. Jumapili Khalfani hupumzika, anakwenda Kurui, na siku ya Jumapili haijawahi kuganda. Nikiwa mimi zamu, haigandi. Akiwa yeye, inaganda, ingawa si kila siku.

Na siku zote mashine ilipoganda mvua ilinyesha mchana. Hilo nalo nililiona. Lakini mvua haina binamu stendi.

25 Aprili

Leo sikumwamkia Khalfani. Amenizidi miaka kama kumi na tangu nifike hapa nilikuwa nampa shikamoo yake kila siku. Leo nilisema "Za asubuhi" nikapita. Alikuwa ameshafungua mdomo kuitikia. Akaufunga.

1 Mei

Trei mbili zaidi za bata zimeingia. Khalfani sasa ananikwepa. Nikiingia anatoka kwenda kufagia penye usafi.

2 Mei

Naandika bado sijakung'uta pumba nguoni.

Mchana wingu lilikuwa jeusi. Nikaaga kwamba nakwenda stendi kumpokea Laurean, nikazunguka nyuma na kujifungia stoo ya pumba, ambako kuna upenyo unaoona mashine. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, Khalfani akaenda msikitini, mvua ikashuka kama imemwagwa. Nilikaa pale na mapumba yakiniwasha shingoni mpaka ilipopungua. Karibu saa kumi akarudi mbio, amelowa. Akatazama mlangoni. Akatazama dirishani. Kisha akatoa chini ya kanzu chupa ya kupulizia, ile kama ya kinyozi, akafungua mlango wa mashine, mlango niliouwekea kibao kwa mkono wangu, akaanza kuyapulizia mayai trei baada ya trei.

Nilitoka kule stoo nimejaa vumbi la pumba.

"Unaweka nini?"

Alishtuka mpaka chupa ikamponyoka. "Maji."

"Maji gani?"

"Maji tu, dada. Ya vuguvugu. Ni ya mayai."

"Ndiyo maana umeangalia dirishani kwanza?"

Madam alitoka ofisini. Hemedi muuza vyakula vya kuku alikuwa pale na mteja wake mmoja, wamejikinga mvua. Nikasema yote mbele yao. Nilisema kwamba Khalfani anaua mayai ili mimi nifukuzwe na nafasi yangu apewe binamu yake. Nilisema nina uhakika. Madam aliniuliza mara mbili, "Una uhakika?" na mara zote mbili nikasema ninao.

Khalfani hakubisha kuhusu mlango. Alisema tu, akinitazama mimi, "Tangu ulipoweka kibao nilijua unatafuta namna ya kunitoa. Mashine hii inaganda zamu yangu tu, na aliyeiunda ni wewe. Sasa nani anamfanyia nani?"

Nilimwona ana akili ya kugeuza maneno. Madam akamwambia arudi nyumbani kwanza mpaka atakapomwita. Akaondoka na mvua ileile. Mimi nilichomoa mashine na kuichomeka upya, kuhakikisha hajaharibu kitu, kisha nikaimwaga ile chupa. Ilikuwa maji. Niliinusa mara kadhaa.

5 Mei

Mvua mchana kutwa. Haikuganda.

8 Mei

Mvua. Haikuganda. Madam amenipongeza mbele ya Hemedi.

12 Mei

Haijaganda tena. Nimelala vizuri wiki nzima. Chaja nayo inafanya kazi, kumbe soketi ndiyo iliyokuwa mbovu. Tereza bado namwangalia.

17 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku ya bata kutotoka. Tangu jana usiku walikuwa wakigonga, unasikia ndani ya mashine mlio mdogo, tik, tik. Asubuhi nilikuta mayai mengi yametobolewa na bata wamebaki humohumo. Ngozi ya ndani ya yai imekauka ikawanata manyoya, hawawezi kujizungusha. Madam akakaa chini na bakuli la maji ya uvuguvugu na pamba, akawa anawabandua mmoja mmoja. Waliotoka hai wanatosha kikapu kimoja. Kikapu chenyewe hakikujaa.

Bi Mwamini, mama yake Khalfani, alifika saa nne kuchukua. Nikampa shikamoo, akaitikia na kuniombea dua kabla hajaona kikapu. Alipokiona aliinama akaokota yai lenye bata aliyefia ndani, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Limekauka hili. Hamkuyanyunyizia?"

"Kunyunyizia nini, bibi?"

"Maji, mwanangu. Bata akiatamia anatoka kunywa, anaoga, anarudi amelowa, ndiyo anayalalia hivyohivyo. Kuku ndiye anayelalia makavu. Khalfani analijua hilo tangu mdogo, yeye ndiye aliyekuwa akininyunyizia." Akanitazama. "Kwani kaacha?"

Madam alinyanyua uso kutoka kwenye bakuli. Mimi nikasema, "Khalfani hayupo kazini, bibi."

"Najua yuko nyumbani. Kaniambia kazi zimepungua."

Hakumwambia mama yake. Wiki mbili amekaa naye nyumba moja na hakumwambia kwamba kuna msichana Maili Moja amemwita muuaji wa mayai yake. Bi Mwamini alifunika kikapu kwa kanga, akaniaga vizuri kabisa. Ningependa angenitukana.

19 Mei

Zile trei mbili za tarehe mosi bado zimo. Tangu juzi nazinyunyizia mwenyewe, saa tisa, kwa chupa ya Khalfani. Kibao nimekibandua.

Leo mvua ilinikamata dukani kwa Hemedi. Nikasubiri ipungue, nikarudi saa kumi inakaribia, nikafungua mlango na kuanza kupulizia. Katikati ya kazi trei zikaanza kuzunguka, maana saa yao ilikuwa imefika. Hewa ya mvua ilikuwa inaingia. Nikamaliza upesi, nikafunga, nikatazama kioo.

37.6.

Haiwezekani. Nimeacha mlango wazi muda wote ule. Nikaingiza kipimajoto cha mkono kwenye tundu la pembeni: kilikuwa kinashuka, kinashuka, na hita haikuwaka. Trei zimesimama upande. Kioo 37.6. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Nilikuwa mimi, na chupa mkononi.

Nikachomoa waya na kuuchomeka, hita ikawaka, nikakaa sakafuni mpaka Madam akaja kuuliza kama naumwa.

20 Mei

Nimeliona, na sasa haliondoki machoni.

Uzi wa kugeuza unachukua kufuli la umeme, unazungusha trei, na kabla ya kuachia umeme unataka kufuli la kioo ili uandike kwamba umemaliza. Uzi wa joto unafanya kinyume: unachukua kioo kwanza, ndipo unaomba umeme. Mlango ukiwa umefungwa hazikutani, kwa sababu nilihakikisha joto halihitajiki wakati wa kugeuza. Lakini fungua mlango saa kumi kamili. Joto linashuka ghafla, uzi wa joto unashika kioo na kungoja umeme. Uzi wa kugeuza umeshika umeme na unangoja kioo. Hakuna anayeachia. Kioo kinabaki na namba yake ya mwisho milele.

Ni mimi na Tereza ukumbini, isipokuwa humu hakuna mwenye nyumba wa kutoka na kufoka.

Siku za jua Khalfani aliwahi kurudi kutoka msikitini, akanyunyizia na kufunga kabla ya saa kumi. Siku za mvua alichelewa.

Nilimpigia Laurean. "Hukuwahi kuijaribu mlango ukiwa wazi?" aliuliza.

"Kibao kilikataza."

"Nani aliweka kibao?"

Akanielekeza: nyuzi zote zichukue makufuli kwa mpangilio mmoja, umeme kwanza, kioo baadaye, hata kama uzi mmoja unaona unacheleweshwa. Ilikuwa kubadilisha mistari michache. Nimeona aibu jinsi ilivyokuwa michache.

21 Mei

Nimemwambia Madam. Alisikiliza akiwa amevua miwani.

"Nilikuuliza mara mbili, Firdausi."

"Ndiyo, Madam."

"Utakwenda Kurui wewe. Si kupiga simu. Na habari ya kazi yako tutaizungumza Khalfani akiwa amekaa pale." Akaonyesha kiti chake.

23 Mei

Kutoka Kisarawe mjini bodaboda ilinipeleka kwenye matope mpaka ikakataa, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta Khalfani anapalilia mihogo. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza atanifanyia nini, kama amewaambia ndugu zake, kama Ashrafu yupo. Hata nikienda kuomba radhi nilikuwa nashuku. Najichosha.

"Shikamoo, kaka Khalfani."

Hakuitikia. Aliendelea na jembe mpaka mwisho wa tuta, akarudi.

"Hiyo si ulikuwa umeiacha?"

"Niliiacha. Nimeirudia."

Nikamweleza. Sikusema nyuzi, nilisema funguo mbili na watu wawili wakaidi, na kwamba wote wawili niliwaunda mimi. Nikasema mayai aliyazika yeye lakini niliyaua mimi, na mengine nimeyaua kwa kumwaga maji yake.

Aliegemea mpini. "Ningekuambia nanyunyizia, ungesema nimevunja kibao."

"Ningesema hivyo."

"Na mimi nilikuwa nasema, huyu binti ameitega hii mashine inigandie mimi. Nilikuwa naogopa kuigusa. Nikifunga mlango natoka mbio." Akachezea udongo kwa kidole cha mguu. "Ungejua kwamba nafungua, ungeliona hilo tatizo?"

"Siku ileile."

"Basi tulikuwa tumekaa nalo wote." Akang'oa gugu moja. "Ulinisema mbele ya Hemedi. Yule mimi nakutana naye kila siku. Utanisafisha mbele yake."

"Nitakusafisha."

Akachukua jembe. Nilikuwa nimeshageuka nikasikia nyuma yangu, taratibu, "Marahaba."

25 Mei

Khalfani alikaa kwenye kiti cha Madam, akiwa hana raha nacho. Hemedi aliitwa, akaja na yule mteja wake. Nikasema kwamba Khalfani hakuharibu kitu, kwamba nilisema nina uhakika na uhakika wenyewe sikuwa nao, na kwamba mayai yale yote yalikufa kwa programu yangu na kibao changu. Hemedi alisema, "Mimi nilijua," na hakuna aliyemwamini.

Madam akamgeukia Khalfani. "Huyu tumfanyeje?"

Alinitazama mpaka nikaiona Gwata na mihogo yake yote.

"Abaki," alisema. "Lakini kabla hajaweka kibao, aulize."

26 Mei

Kesho Idi kubwa. Mchana mvua imenyesha ileile ya kuaga, kubwa na ya ghafla, na Khalfani akachelewa msikitini. Alirudi saa kumi kamili. Nilikuwa pale. Akafungua mlango wazi kabisa, bila kutazama dirishani, akaanza kupulizia. Trei zikazunguka. Joto likashuka, kioo nacho kikashuka: 37.2, 36.8. Trei zikasimama, hita ikawaka. 36.9. Kikaendelea kupanda.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nilijikuta sikitazami kioo tena. Nilikuwa natazama mikono yake, vile anavyoishika chupa, vile anavyorudi trei ya chini mara ya pili.

"Unaangalia mashine," aliuliza bila kugeuka, "au unaniangalia mimi?"

Nilitaka kusema mashine.

"Wewe," nikasema.

Alimalizia trei ya mwisho, akafunga mlango taratibu mpaka ukalia tik. Akanipa chupa, bado ina uvuguvugu.

"Basi umeona inavyofanywa. Kesho nitakuwa Kurui, utanyunyizia wewe."